Mohamed Amin: kutoka kamera ya sanduku hadi macho ya ulimwengu

Miongoni mwa wapiga picha waliotokea Afrika Mashariki, ni vigumu kumtaja ambaye kazi yake ilifika mbali kama ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kufariki katika maji ya Komoro tarehe 23 Novemba 1996. Walio wengi wanamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia zilizoonyeshwa ulimwenguni mwezi Oktoba 1984. Wachache wanajua kwamba alianza kujifunza kwa kamera ambayo haikuwa karibu na kitu chochote cha kurekebisha. Kwa vijana wa hapa kwetu wanaodunduliza fedha wanunue kamera yao ya kwanza ya kidijitali, kisha wakakosa usingizi wakiwaza lenzi ya kuongezea, maisha ya mtu huyu yana mengi ya kuwapa.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh. Baba yake alitoka Punjab, wakati huo ikiwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza, akaja kufanya kazi ya reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko mtoto Mohamed alikosoma na kukua. Mji ule wa bandari ulikuwa na watu wa kila asili, lakini chini ya taratibu za kikoloni kila kundi lilikuwa na shule zake, vilabu vyake na mitaa yake. Mtoto wa mfanyakazi wa reli hakutarajiwa kuingia kila mlango. Kamera ndiyo iliyompa sababu ya kubisha hodi.

Kamera yenyewe ilikuwa Box Brownie kuukuu, aliyoipata akiwa bado mvulana. Inafaa tusimame hapa kidogo, maana chombo hicho ndicho babu wa kamera zote za bei nafuu. Kampuni ya Kodak iliiuza Brownie ya kwanza mwaka 1900 kwa dola moja ya Kimarekani, ikikusudia kwamba hata mtoto aweze kupiga picha. Kwa zaidi ya nusu karne zilitolewa aina nyingi, lakini umbo lilibaki lile lile: sanduku jeusi, kioo kimoja cha lenzi mbele, kijidirisha cha kuchungulia juu, na kitufe. Mwendo wa shata, yaani muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia, ulikuwa mmoja tu, kwa kawaida karibu na sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Lenzi haikuzungushwa ili kumfuata mtu aliye karibu au aliye mbali. Aliyesimama chini ya hatua tatu alitoka na ukungu. Aliyesimama mbali zaidi alitoka safi. Aina nyingi zilitoa picha nane kwa filamu nzima, basi. Baada ya hapo ilibidi kununua filamu nyingine na kulipia kusafishwa kwa ile ya kwanza.

Mtu wa leo akisoma orodha hiyo ataona upungufu mtupu. Lakini fikiria inachomlazimisha mwenye nayo. Kwa kuwa shata haibadiliki, ni lazima aujue mwanga: jua la asubuhi liko wapi, kivuli cha mwembe kinaangukia wapi, saa ngapi uso wa mtu hukatwa vipande viwili na jua la utosini. Kwa kuwa lenzi haivuti kilicho mbali, ni lazima atumie miguu yake. Kwa kuwa mkono ukitikisika picha inaharibika, hujifunza kubana viwiko mbavuni na kuzuia pumzi. Na kwa kuwa ana nafasi nane tu, hujifunza kungoja. Kamera rahisi ya kidijitali ya siku hizi, hata ile ya daraja la chini kabisa dukani, ina kila kitu ambacho sanduku lile lilikosa, na kadi yake ya kumbukumbu hubeba picha mamia kwa maelfu. Kisichouzwa pamoja nayo ni ile subira.

Akiwa bado mwanafunzi, Amin alijiunga na wenzake waliopenda picha, akapata njia ya kuingia katika chumba cha giza na kusafisha filamu kwa mikono yake. Muda si mrefu picha zake zikaanza kununuliwa na magazeti. Kijana huyo aligundua jambo ambalo wapiga picha wengi wenye vipaji hawalioni hadi wamezeeka: picha ambayo haijamfikia mhariri kwa wakati haina bei. Alikuwa mfanyabiashara tangu mwanzo, na hakuona haya kwa hilo. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 au pungufu kidogo, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya picha, Camerapix, mjini Dar es Salaam.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta akiwa ng'ambo tu ya mkondo wa bahari. Alivuka, akarudi na picha, na jina lake likaanza kujulikana London na kwingineko. Lakini kisiwa hicho pia ndicho kilichomfundisha gharama ya kazi. Mwaka 1966 alikamatwa huko baada ya kupiga filamu za wakufunzi wa kijeshi kutoka Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki, jambo ambalo serikali haikutaka lionekane. Alikaa gerezani Unguja kwa takriban wiki nne, katika mazingira magumu, bila familia yake kujua kama angetoka. Alipoachiwa hakuruhusiwa kuendelea kama zamani, na makao yake yakahamia Nairobi. Wapo ambao wangebadili kazi baada ya hapo. Yeye alibadili mji tu.

Siku iliyompa heshima ya kwanza ya kimataifa ilikuwa siku ya msiba. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji la Nairobi, alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Amin alifika muda mfupi baadaye, akapiga picha katikati ya vilio na msongamano, watu wakimhangaikia waziri aliyekuwa akikata roho. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Uingereza ya mpiga filamu bora wa televisheni wa mwaka.

Mwenye kuzitazama picha za namna hiyo huona mara moja kwamba mpigaji alikuwa ndani ya tukio, si ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo penye somo la kwanza la lenzi, na nalisema kwa kuwa wanunuzi wengi wapya hukosea hapa. Mtu akipata fedha ya lenzi ya pili, moyo humvuta kwenye lenzi ndefu ya kuvuta mbali, ya milimita 200 au 300, kwa kuwa inaonekana ni ya wataalamu. Lenzi hiyo ina kazi yake. Kwa mnyama wa porini au mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja, haina mbadala. Lakini picha ya watu iliyopigwa kwa mbali huonekana kama imeibwa. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, katika ncha yake pana humlazimisha mpigaji asogee, aonekane, asalimiane na watu, aombe radhi. Picha inayotoka hapo humweka mtazamaji mahali pale pale. Tena lenzi hiyo ambayo wengi huidharau ni nyepesi, na kwa mwanga wa mchana hutoa picha safi kabisa, hasa tundu lake likifungwa kidogo hadi nambari 8.

Miaka ya 1970 ilimchukua Amin kila kona ya bara. Idi Amin alipotwaa madaraka nchini Uganda tarehe 25 Januari 1971, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wanahabari wa kwanza kuingia, na kwa miaka kadhaa aliendelea kumpiga picha mtawala huyo ambaye walifanana jina tu, si nasaba. Alijulikana kwa kupata vibali pale wengine walipoambiwa warudi kesho. Alijua majina ya makarani, ya marubani, ya walinzi wa milango. Sidhani kuna lenzi inayoweza kufanya kazi iliyofanywa na daftari lake la anwani.

Pamoja na habari za haraka, alikuwa na upande wa pili uliokuwa na utulivu zaidi. Mwaka 1978 kilichapishwa kitabu chake cha picha kuhusu Hija ya Makka, kazi ambayo mpiga picha asiye Mwislamu asingeweza hata kuianza. Mwaka 1981 kikafuata kitabu kuhusu watu na ardhi ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo upepo hubeba mchanga na mawe meusi huakisi joto kama sahani ya kukaangia. Vikafuata vingine vingi, akishirikiana na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley: safari za Kenya, za Tanzania, za Pakistan, na kitabu kuhusu reli ile ile iliyomlisha yeye na ndugu zake.

Katika nchi kama Turkana mpiga picha hukutana na tatizo ambalo hata kamera za leo hazijalimaliza. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya mchanga unaong'aa au ukuta uliopakwa chokaa, kamera hutishwa na weupe ule, hupunguza mwanga, na uso wa mtu hubaki kivuli chenye meno. Si kosa la ngozi, ni ujinga wa mashine. Mwenye kamera ya kidijitali anacho kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Akiongeza hatua moja, uso hurudi. Akiweza kumhamishia mtu huyo kwenye kivuli angavu, kando ya mlango au chini ya baraza, ni bora zaidi, na hahitaji kununua chochote. Kwa anayepiga picha ndani ya nyumba, harusini au kwenye maulidi usiku, lenzi ya pili yenye manufaa kuliko zote ni ile fupi isiyovuta, ya milimita 50 na tundu kubwa la nambari 1.8. Ni ya bei ndogo kwa kulinganisha, huingiza mwanga mara kadhaa zaidi ya lenzi iliyokuja na kamera, na kwenye kamera nyingi za wanaoanza hukaza mandhari kiasi cha kufaa nyuso za watu. Haivuti, miguu ndiyo inayovuta. Mtoto wa Box Brownie angeielewa papo hapo.

Sasa tufike Korem. Mwaka 1984 ukame na vita vilikuwa vimeikamata kaskazini ya Ethiopia. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na haikupenda wageni waone matokeo. Mashirika ya misaada yalikuwa yamepiga kelele kwa miezi mingi, lakini ulimwengu haukusikia. Amin, aliyekuwa akiongoza ofisi ya Nairobi ya shirika la habari za televisheni la Visnews, aliposumbukia vibali na kuvipata, alisafiri mwezi Oktoba pamoja na Michael Buerk wa BBC. Walifika Korem na Mekele.

Filamu aliyoipiga pale ilianza na alfajiri. Jua lilikuwa chini, baridi ya nyanda za juu bado imeshika, moshi na ukungu vimetanda juu ya uwanda, na ndani yake maelfu ya watu waliojifunika shuka, wengine wakiwa wamekwisha kufa usiku ule. Kamera haikukimbia. Ilipita polepole, ikatua juu ya mtu mmoja, ikakaa. Mpiga picha mwingine angengoja jua lipande ili aone vizuri, na angerudi na picha zilizo wazi zaidi, na labda zisizomgusa mtu. Mwanga ule wa pembeni ndio uliotenganisha mwili na mwili, uso na uso, hata umati ukaacha kuwa umati.

BBC ilionyesha taarifa hiyo tarehe 23 Oktoba 1984. Baadaye ilirushwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni. Kabla mwaka haujaisha, wanamuziki wa Uingereza na Ireland wakiongozwa na Bob Geldof walikuwa wametoa wimbo wa kuchangisha. Marekani nayo ikatoa wake mwaka uliofuata, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid kwa wakati mmoja London na Philadelphia. Nafaka, dawa na ndege vilipelekwa. Watu wengi walio hai leo, wao na watoto wao, wasingekuwepo.

Hata hivyo haitakuwa haki kuishia hapo. Wapo wasomi na waandishi wa Kiafrika waliouliza, na wanaendelea kuuliza, picha zile ziliacha nini vichwani mwa watazamaji wa mbali. Kwa miaka mingi baadaye, Mwafrika katika televisheni za Ulaya alikuwa mtoto mwenye tumbo lililovimba na nzi machoni, asiye na jina wala lugha. Vita vilivyochangia njaa ile vilitajwa kwa haraka au havikutajwa, ikaonekana kana kwamba mvua peke yake ndiyo iliyokosa. Na waliopigwa picha, wakiwa katika saa ya udhaifu wao wa mwisho, hawakuulizwa. Kwa maoni yangu lawama hizo ni za kweli, lakini sehemu kubwa inawahusu waliozirudia picha zile bila kufikiri, mwaka baada ya mwaka, kuliko yule aliyezipiga. Amin alikwenda kuonyesha jambo lililofichwa na serikali. Alilionyesha. Jinsi ya kumpiga picha mtu mwenye shida bila kumvua utu wake ni swali ambalo kila mwenye kamera hulirithi, hata yule anayepiga picha za mafuriko mtaani kwake kwa ajili ya kuzituma kwa jamaa.

Mwishoni mwa Mei 1991 utawala wa Mengistu ulianguka, na Amin alikuwa tena Addis Ababa. Tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka mjini. Alikwenda na kamera, kama ilivyo desturi yake, na mlipuko mwingine ukawakuta karibu. John Mathai, aliyekuwa akimchukulia sauti, aliuawa. Amin alijeruhiwa vibaya, na madaktari wakalazimika kuukata mkono wake wa kushoto.

Msomaji ambaye hajawahi kushika kamera kubwa huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Kamera nyingi zimeundwa hivi: mkono wa kulia hubonyeza, mkono wa kushoto hubeba. Kiganja cha kushoto hukaa chini ya lenzi kama mtu anayepokea bakuli, na vidole vyake ndivyo vinavyozungusha pete za lenzi kutafuta uso wa mtu. Aliyepoteza mkono wa kushoto amepoteza mkono wa lenzi. Akiwa na umri wa miaka 47, alitengenezewa nchini Marekani mkono bandia wa umeme, uliobuniwa ili aweze kuendelea kuishika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini. Kuna ukaidi katika habari hiyo, na pengine kuna jambo la kusikitisha pia, maana mke na mwanawe wa pekee walikuwa wamezoea kumwona uwanja wa ndege kuliko mezani.

Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Novemba 1996, yeye na Brian Tetley walipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndani ya dakika chache vijana watatu waliiteka, wakamtaka rubani Leul Abate awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumsadiki. Ndege ikaambaa kusini juu ya bahari hadi injini zikazimika moja baada ya nyingine karibu na kisiwa cha Ngazija. Masimulizi ya walionusurika yanamweleza Amin akiwa amesimama katika dakika za mwisho, akijaribu kuzungumza na watekaji. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, yeye na Tetley wakiwa miongoni mwao.

Ndege hiyo iligusa maji mita mia chache kutoka ufukweni, mbele ya hoteli, mchana kweupe. Mtalii mmoja aliyekuwa pale na kamera ndogo ya video, ya aina wanayobeba watu wakienda likizo, aliinua mkono na kuipiga filamu bawa lilipokatika na mwili wa ndege ulipopasuka. Filamu hiyo ilizunguka ulimwenguni.

Mwanawe, Salim Amin, alichukua uongozi wa Camerapix, akaanzisha mafunzo ya vijana wanahabari kwa jina la baba yake, na mwaka 2006 akatoa filamu kuhusu maisha yao wawili. Hazina ya negativu na filamu ipo Nairobi, na kazi ya kuigeuza iwe ya kidijitali imekuwa ikiendelea kwa miaka. Ndani yake mna marais na mateka, wachezaji wa mpira, mahujaji, wavuvi wa Turkana, na nyuso nyingi ambazo hakuna aliyeandika majina yake.